Yesu anarudi, sawa, sasa je mdogo wangu aache chuo? Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu unyakuo na kazi ya kanisa

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa kiume yuko mwaka wa pili chuoni, sasa ni miezi mitatu haingii darasani. Kiongozi wa kikundi chao cha maombi amepiga hesabu kwenye Danieli na Ufunuo, anasema kanisa linanyakuliwa mwaka huu kabla dhiki kuu haijaanza. Mimi naenda kazini kama kawaida, mdogo wangu ananiambia nimekuwa kama wale wanawali wapumbavu. Naomba unisaidie, unyakuo ni kabla ya dhiki au baada? Na kanisa linatakiwa kufanya nini siku hizi za mwisho? Halafu hii chapa ya mnyama mbona kila mwaka inakuwa kitu kingine?"

Marahaba dada yangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, nikuambie ukweli liliniuma, kwa sababu kijana wa mwaka wa pili kuacha masomo sio kitu kidogo. Lakini kabla sijaingia ndani naomba kitu kimoja, usimcheke mdogo wako na usimwite mjinga. Kumsubiri Bwana ni kitu kizuri, kanisa zima limekiri tangu karne ya nne kwamba Kristo atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu, na Wakristo wengi siku hizi wanaitamka hiyo imani kila Jumapili halafu hawaifikirii tena mpaka Jumapili nyingine. Mdogo wako angalau anaamini anachokisema. Shida iko kwenye kile alichofundishwa akifanye na hiyo imani.

Tuanze na tarehe maana hapo ndo pepesi kuliko pote. Yesu alisema, "Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake." Mathayo 24:36. Mtu atakuambia ah, amesema siku na saa, hajasema mwaka. Haya, nenda Matendo 1, mitume wanamuuliza Yesu mfufuka kama huo ndio wakati wa kuwarudishia Israeli ufalme, na jibu lake linafunga mpaka huo mlango wa mwaka: "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira, Baba aliyoyaweka katika mamlaka yake mwenyewe." Na hapo hapo, bila hata kuvuta pumzi, anawaambia watapokea nguvu na watakuwa mashahidi wake mpaka mwisho wa nchi. Yaani wao wameomba kalenda, wamepewa kazi. Hilo shika, nitalirudia.

Hesabu ya kiongozi wao sio mpya hata kidogo. Marekani miaka ya 1830 na 1840 alikuwepo mkulima mmoja Mbaptisti, William Miller, mtu mnyoofu kabisa na msomaji wa Biblia kwelikweli, akachukua zile siku 2300 za Danieli 8:14, akasema kila siku ni mwaka, akaanzia 457 kabla ya Kristo, akatua 1843 hivi, baadaye wafuasi wake wakasogeza mpaka tarehe 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna, kwa sababu kuvuna kungeonekana kama kukosa imani. Usiku ukapita, kukakucha. Watu walilia, na wengine hawakurudi tena kanisani. (Waadventista Wasabato, ambao mizizi yao iko kwenye harakati ile, wanaifafanua 1844 kwa namna nyingine, kwamba lilitokea jambo katika hekalu la mbinguni, na sitaki kuingia huko leo, ila na wao waliamua kutopanga tena tarehe za kurudi kwa Bwana.) Halafu akaja Mmarekani mwingine, Edgar Whisenant, akatangaza 1988, yeye hesabu yake moja ilikuwa hivi, taifa la Israeli limeundwa 1948, kizazi ni miaka 40, jumlisha. Halafu mhubiri wa redio Harold Camping, tarehe 21 Mei 2011, ikapita, akasema 21 Oktoba, nayo ikapita, na mwaka 2012 akaandika barua kukiri kwamba kutangaza tarehe kulikuwa dhambi. Namheshimu kwa hilo, maana wengi wanahamisha tu tarehe na kuendelea kuhubiri.

Ukiziangalia hizi hesabu zote utaona zina umbo moja. Zinaanza na andiko la kweli, katikati inaingizwa kanuni ambayo andiko halikuitoa, mfano kizazi lazima kiwe miaka 40, au siku lazima iwe mwaka kwenye kila mstari, halafu mwisho tarehe inatangazwa kana kwamba yote ilitoka kwenye andiko. Kwa hiyo mdogo wako akikuletea karatasi ya hesabu usibishane na jumla, mwambie akuonyeshe kila hatua imeandikwa wapi. Utafika kwenye ile ya katikati na ataona mwenyewe.

Sasa unyakuo. Wapo wanaosema neno hilo halimo kwenye Biblia, sio kweli, limo, 1 Wathesalonike 4:17, kwamba sisi tulio hai tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu ili tumlaki Bwana hewani. Kwa hiyo kwamba tutanyakuliwa hakuna mjadala. Mjadala ni lini, na hapa Wakristo wanaompenda Yesu wametofautiana kweli, nami nitakupa pande zote mbili kabla sijakuambia nasimama wapi.

Mafundisho kwamba kanisa linaondolewa kimya kimya kwanza, halafu dhiki kuu, yaani mateso makubwa ya dunia, ya miaka saba, halafu ndo Kristo arudi waziwazi, yalipata umbo lake miaka ya 1830 kupitia John Nelson Darby, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana huko Ireland kabla ya kujitenga, na yakasambaa mno kupitia Biblia yenye maelezo ya C. I. Scofield iliyotoka 1909. Watu walikuwa wanasoma Biblia juu na maelezo chini ya ukurasa huo huo, baada ya miaka mingi wengi wakashindwa kutofautisha kipi ni kipi. Lakini kuwa mapya hakuyafanyi kuwa uongo, tuwe waungwana. Wenye msimamo huu wana maandiko: 1 Wathesalonike 5:9, kwamba Mungu hakutuweka kwa hasira yake. Ufunuo 3:10, ahadi kwa kanisa la Filadelfia kwamba litalindwa na saa ya kuharibiwa. Na wanaonyesha kwamba neno kanisa limejaa Ufunuo sura ya 1 hadi ya 3, halafu linapotea mpaka 22:16, wanasema ni kwa sababu kanisa limeshaondoka.

Upande wa pili, wanaosema kanisa litapitia dhiki na kunyakuliwa baada yake, wanajibu, na hapa mimi ndo nimekaa baada ya miaka mingi ya kusoma na kufundisha, ila sikulazimishi. Kwanza, kanisa kama neno halionekani ila watakatifu wapo tele, na Ufunuo 13 inasema mnyama anafanya vita nao, na mstari wa 10 unasema hapo ndipo penye subira na imani ya watakatifu. Pili, ile ahadi ya kulindwa ya 3:10, kwa Kigiriki maneno ya kulinda yaliyotumika pale yanatumika hivyo mara nyingine moja tu kwenye Agano Jipya, nayo ni Yohana 17:15, Yesu anaomba, "Mimi siombi kwamba uwatoe katika ulimwengu, bali uwalinde na yule mwovu." Umeona? Pale kulinda hakumaanishi kuondoa, tena Yesu amekanusha kabisa habari ya kuondoa. Tatu, lile neno kumlaki. Kigiriki chake, *apantesis*, lilikuwa linatumika watu wa mji wakitoka nje kumpokea mtu mkubwa njiani na kuingia naye mjini. Limetumika kwenye Mathayo 25:6, tokeni mwende kumlaki bwana arusi, na Matendo 28:15, ndugu wa Rumi walipotoka mpaka Soko la Apio na Mikahawa Mitatu kumpokea Paulo, na baada ya kumpokea hawakuhama na Paulo kwenda kusikojulikana, walirudi naye Rumi. Kwa hiyo ninavyosoma mimi, tunanyakuliwa kwenda kumpokea Mfalme anayekuja. Nne, 2 Wathesalonike 2 Paulo anasema siku ile haiji usipokuja kwanza ule ukengeufu na akafunuliwa yule mtu wa kuasi, sasa kama kanisa lingekuwa limeshaondoka kabla ya hapo, angetulia tu awaambie, mbona nyie bado mpo?

Kuhusu miaka elfu ya Ufunuo 20, ile ya kutawala pamoja na Kristo, napita haraka maana hukuuliza. Jua tu kwamba karne ya pili mwalimu wa Kikristo Justin Shahidi aliamini utawala wa miaka elfu pale Yerusalemu, na akasema wazi kwamba wapo Wakristo wengi wacha Mungu wasioona hivyo, hakuwaita wazushi. Baadaye askofu Augustino akafundisha kwamba miaka elfu ni kipindi hiki hiki cha kanisa. Miaka karibu 1900 ya tofauti hiyo na kanisa bado lipo. Mtu akikwambia chati yake ya dhiki ndiyo kipimo cha wokovu, ogopa.

Haya, turudi kwa wanawali, maana umeitwa mwanamwali mpumbavu na nataka usome ule mfano upya. Mathayo 25. Wanawali kumi, wote kumi wanamngoja bwana arusi, wote wana taa. "Hata bwana arusi alipokawia, wote wakasinzia wakalala usingizi." Wote, dada yangu! Wenye busara na wao walilala. Kwa hiyo tofauti yao haikuwa nani alikesha macho kodo. Tofauti ilikuwa mafuta ya akiba. Wapumbavu walijiandaa kwa bwana arusi anayekuja sasa hivi, wakabeba taa bila akiba, na wenye busara wakajiandaa kwa bwana arusi ambaye huenda akakawia. Upumbavu kwenye mfano ule ni kutokuwa na akiba ya kungojea kwa muda mrefu. Sasa kijana ambaye ameacha masomo, hana mpango wa mwaka ujao kwa sababu kwenye hesabu zake mwaka ujao haupo, na wewe unayeamka asubuhi unasali unaenda kazini, nani hapo amebeba mafuta? Sisemi hivyo ili umpige nayo. Nasema ili uache kujihukumu.

Na angalia mfano ule uko katikati ya nini. Yesu akishasema hakuna ajuaye siku wala saa, hatoi dalili nyingine. Anatoa picha za watu kazini. Mwisho wa sura ya 24 kuna mtumwa aliyewekwa juu ya nyumba awape watu chakula kwa wakati wake, na heri yake ni kwamba bwana wake akija atamkuta anafanya hivyo, yaani mikono imeshika sufuria. Wanawali. Halafu talanta, bwana anarudi baada ya siku nyingi, anauliza hesabu ya kile alichokiacha, na aliyechimba akafukia ndo anayeitwa mbaya na mlegevu. Halafu kondoo na mbuzi, na pale swali la mwisho la Mfalme ni nilikuwa na njaa, nilikuwa mgonjwa, nilikuwa kifungoni. Hilo ndo jibu la swali lako la kazi ya kanisa, nami nashangaa watu wanavyosoma sura ya 24 kwa darubini halafu ya 25 wanairuka.

Na Ufunuo hivyo hivyo. Kile kitabu hakikuandikiwa wataalamu wa chati. Kiliandikiwa makanisa saba halisi ya Asia, Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia, Laodikia, na kwa maelezo ya kale Yohana alikiandika mwishoni mwa utawala wa Domitiano, kama mwaka 95. Kabla hajaonyeshwa farasi wala mnyama, anamwona Kristo anatembea katikati ya vinara saba vya taa, na 1:20 inasema vinara ndio makanisa. Kwa hiyo kabla ya yote kanisa limeshaambiwa lenyewe ni nini, ni kinara. Halafu kila kanisa linaandikiwa barua, zisome zote saba, hakuna hata moja inayoambiwa ipige hesabu. Efeso inaambiwa umeuacha upendo wako wa kwanza. Smirna, maskini wa mali, inaambiwa iwe mwaminifu hata kufa. Thiatira inaulizwa mbona inamvumilia nabii wa uongo ndani ya nyumba. Laodikia inaambiwa unajiona tajiri kumbe u uchi. Yale mambo ya mwisho yote yanayofuata yanawekwa mbele ya watu hao ili wasikate tamaa na wasiuze imani yao. Hata ushindi wao kwenye 12:11 ni kwa damu ya Mwana-Kondoo na kwa neno la ushuhuda wao, ndiyo ile ile Matendo 1:8, mtakuwa mashahidi wangu. Na Mathayo 24:14 injili ihubiriwe kwa mataifa yote ndipo ule mwisho uje. Sasa itahubiriwa na nani kama kila mtu amejifungia chumbani anasubiri parapanda?

Kuna mtu mmoja wa historia nampenda sana kwenye hili, Cyprian, askofu wa Karthago kaskazini mwa Afrika. Katikati ya karne ya tatu tauni ikaupiga mji, watu wanakufa, wengine wanawatupa ndugu zao nje kwa woga. Na Cyprian aliamini kabisa kwamba dunia imezeeka na mwisho uko karibu, ameandika hivyo, kwa hiyo huwezi kusema ni mtu wa dunia hii. Akafanya nini? Aliwakusanya Wakristo akawapanga wawahudumie wagonjwa, wa kwao na wale wapagani ambao muda si mrefu nyuma walikuwa wanashangilia Wakristo wakiuawa. Kwake yeye mwisho kuwa karibu ilikuwa sababu ya kumwosha mgonjwa leo, maana kesho huenda asipate nafasi.

Chapa ya mnyama sasa. Umeuliza mbona kila mwaka inakuwa kitu kingine, ni kwa sababu watu wanatafuta kifaa. Imekuwa misimbo ya bidhaa dukani, imekuwa kadi, chipu, chanjo, na kesho itakuwa kingine. Lakini soma Ufunuo 13 ukiunganisha na 14 bila kusimama, maana Yohana hakuandika sura. Mnyama anawatia watu chapa kwenye mkono wa kuume au kipaji cha uso, na mstari unaofuata mara tu baada ya 666, ile namba ya mnyama, yaani 14:1, kuna watu 144,000 wenye jina la Mwana-Kondoo na jina la Baba yake kwenye vipaji vya nyuso zao. Hakuna mtu anatafuta chipu ya Mwana-Kondoo! Chapa zote mbili zinasema mtu ni wa nani na anamwabudu nani, na 14:9 inaziweka pamoja, kumsujudia mnyama na kuipokea chapa. Kwa hiyo huwezi kuipokea kwa bahati mbaya ukiwa unajaza fomu au unatibiwa hospitali. Wale wa Pergamo walielewa mara moja, mji wao ulikuwa na hekalu la kumwabudu kaisari Augusto tangu 29 kabla ya Kristo, na aliyekataa kushiriki ibada hizo biashara yake iliumia.

Na namba, zamani kila herufi ilihesabiwa kama namba, na wengi wa wataalamu wanaona kwamba Neron Kaisari, yaani Nero mtawala wa Rumi, kwa herufi za Kiebrania ukijumlisha inatoa 666, na ukiandika jina lile kwa namna ya Kilatini inatoa 616, na kweli kuna nakala chache za kale za Ufunuo zenye 616. Ireneo, askofu wa karne ya pili, alijaribu majina kadhaa yanayofika 666, akasema ni salama zaidi kungojea unabii utimie kuliko kubahatisha majina. Huyo alikuwa karibu na Yohana kuliko sisi wote, kwa kuwa alimsikia Polikarpo askofu wa Smirna, naye Polikarpo alimjua Yohana. Kama yeye alinyamaza, sisi tunapata wapi ujasiri? Kinachonihuzunisha ni kwamba mtu anakagua kadi yake kama ina 666 lakini kazini anasaini karatasi ya uongo kwa sababu bosi amesema, na haoni kama hapo ndipo swali la nani ni bwana wake limeulizwa.

Kuhusu mdogo wako. Mimi nikiwa na umri wake niliwahi kukaa kwenye kikundi kilichokuwa na tarehe, na nilichojifunza ni kwamba siku ikipita kinachovunjika sio hesabu, ni mtu. Nilimwona rafiki yangu akiacha imani yote kwa sababu ya mwezi mmoja uliopita bila kitu. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuwa karibu naye ile siku itakapopita, asione aibu kurudi nyumbani. Usimtumie klipu za kubishana. Kaa naye, mfungue 1 Wathesalonike 4 mkasome mpaka 5:11, mtaona Paulo anamaliza habari ya unyakuo kwa kusema farijianeni kwa maneno hayo, basi muulize kama hayo mafundisho yamemfariji au yamemtia hofu. Halafu endeleeni na 2 Wathesalonike, sura ya 2 kuna watu wametishwa kwamba siku ya Bwana imeshafika, na sura ya 3 kuna watu wa kanisa hilo hilo hawafanyi kazi, Paulo anawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Wengi wetu tunaofundisha tunaona hayo mawili yanahusiana. Mwache alione mwenyewe.

Na kiongozi wake, kama inawezekana mdogo wako amuulize swali moja tu kwa heshima mbele ya wenzake: tarehe ikipita, utasimama hapa kuomba radhi na utawasaidia walioacha masomo warudi? Asikilize jibu vizuri.

Wakati huo huo wewe nenda ofisi ya masomo pale chuoni kwao, ulizia kama kuna utaratibu wa kuahirisha mwaka na mwisho wake ni lini, miezi mitatu bado inaweza kurekebishika. Usimwambie bado. Ukipewa fomu, kaa nayo.